Sifuri ya Mama Kamau

Siku mliyoniaga mlinipa keki, blanketi na kiti cha kuegemea, mkaniomba niseme machache. Nilisema machache kweli, kwa sababu wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye korido na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kuna sherehe. Haya hapa sasa ndiyo mengi. Nawaandikia ninyi mliobaki katika chumba kile cha mwisho, kliniki ya viungo, na hasa wewe uliyerithi dawati langu, ambaye naambiwa umelisogeza karibu na dirisha. Umefanya vizuri. Mimi nilikaa miaka yote nikipigwa na upepo wa mlango kwa ukaidi tu.

Hamtapata humu habari za vyeo. Kupandishwa kwangu cheo kulinichosha mimi mwenyewe, sembuse msomaji. Nitaandika juu ya kazi moja, ile tuliyoifanya kila siku ya kliniki na ambayo wenzetu wa wodi nyingine waliiona kama mchezo: kumuuliza mtu mwenye baridi yabisi anajisikiaje, kisha kujua la kufanya na jibu lake.

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Babu yangu alitoka pwani akifuata reli, akaishia kuuza vitambaa mjini, nasi tukabaki. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na nadhani ndiyo sababu nilihamishwa kutoka wodi ya wazazi, maana daktari bingwa wa wakati huo alitaka muuguzi ambaye mkulima wa Molo na mpishi wa Salgaa wote wangemwelewa. Sikutaka kwenda. Wodi ya wazazi kazi yake ina mwisho. Mtoto anazaliwa, mama anaenda nyumbani. Hawa wa viungo walirudi mwezi baada ya mwezi na vidole vyao vilivyovimba, wakakaa kwenye benchi lile lile, na siku ile ya kwanza nilipoliangalia lile benchi nilijisemea kwamba nimetumwa mahali ambapo hakuna anayepona.

Aliyenipokea ni Bwana Wafula, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mrefu, mwenye sauti ya chini, mtoto wa fundi wa reli. Kabla hata sijavua sweta alinishika kidole gumba akakiweka juu ya kifundo cha kidole cha mgonjwa, akaniambia nibonyeze.

"Mpaka kucha yako iwe nyeupe, basi," alisema. "Ukizidisha hapo si uchunguzi tena, ni ugomvi."

Kisha akaniambia nisiangalie kidole ninachobonyeza, niangalie uso. Wengi wa watu wetu wamelelewa kutolia mbele ya wageni, kwa hiyo mdomo hautasema kitu, lakini jicho litafumba kidogo. Nilijifunza kuliona jicho hilo kabla ya kujifunza majina ya dawa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa mtu aliyewekewa miduara kwenye viungo, tuweke alama penye uvimbe na penye maumivu. Kulikuwa na kile kitambaa cha kupimia presha, ambacho Bwana Wafula alikikunja, akakijaza upepo kidogo, akampa mgonjwa akikamue kwa kiganja huku yeye akisoma mshale umepanda mpaka wapi. Kulikuwa na kipimo cha damu cha kuonyesha kama mwili bado una moto ndani. Na kulikuwa na mstari.

Mstari ule ulichorwa kwenye karatasi, urefu wa sentimita kumi. Upande wa kushoto ni sifuri, yaani huna shida yoyote. Upande wa kulia ni kumi, yaani shida isiyovumilika. Mgonjwa anaweka alama mahali anapojiona yuko. Karatasi zilipokwisha tulitoa fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, mpaka siku moja Bwana Wafula akachukua rula akagundua kwamba mstari umepungua. Mashine ilikuwa ikiufupisha kila tulipoupitisha. Aliitangazia kliniki nzima kwamba wagonjwa wote wamepata nafuu kidogo, shukrani kwa mashine ya fotokopi. Hakucheka aliposema hivyo, na daktari bingwa hakucheka pia.

Hata ukiwa na urefu wake kamili, mstari uliwatatiza watu. Mzee mmoja wa Dundori aliuwekea sahihi yake. Wengine waliweka alama katikati kwa adabu, wasije wakaonekana wanalalamika wala wanajisifu. Hapo Bwana Wafula akaja na gorogoro, mkebe ule wa kupimia mahindi sokoni. Aliuliza kama maumivu yamefika robo, nusu au yamejaa, na watu wakaelewa mara moja. Shida ni kwamba wale wanaouza sokoni walijibu kuwa imejaa na mlima juu, na karatasi haikuwa na nafasi ya mlima.

Zamani, nilipoanza, tulikuwa tukipigana tu na uvimbe. Siku hizi dawa ni bora na tunalenga mbali zaidi: ugonjwa utulie kabisa. Madaktari wana jina lake la Kiingereza, wagonjwa wetu husema ugonjwa umelala. Ili tuseme umelala, mambo manne lazima yakubaliane. Viungo visiwe vimevimba, visiume vikibonyezwa, damu iwe safi, na mgonjwa mwenyewe, akiulizwa, atoe namba ya chini kabisa, sifuri au moja. Matatu ya kwanza tunayapima sisi. La nne ni lake peke yake, na ndilo lililotusumbua miaka yote.

Kulikuwa na mwalimu kutoka Molo, nitamwita Mwalimu Akinyi. Dawa zilimfaa. Uvimbe ulikwisha, damu ikasafika, nikimbonyeza hakufumba jicho. Lakini kila akiulizwa namba alisema saba. Daktari wa wakati huo alikasirika, akasema mgonjwa anaharibu hesabu. Mwalimu Akinyi alieleza, kwa ile sauti ya mtu aliyezoea kurudia somo, kwamba hasikii maumivu tena bali uchovu. Kwamba akitoka darasani analala na viatu, na watoto wake wamejifunza kupika kwa sababu yake. Daktari aliandika kwamba mgonjwa anazidisha. Mwalimu Akinyi aliweza kusoma maandishi ya daktari, jambo ambalo si wengi wanaliweza, na akaniuliza pale mlangoni mtu afanye nini ndipo aaminiwe. Hakurudi tena. Nilisikia baadaye kwamba ameacha kufundisha. Bado namfikiria, na sina la kuwaambia linalopunguza uzito wa jambo hilo.

Kwa hiyo alipokuja Daktari Chepkemoi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Alikuwa kijana, mwepesi wa kutembea, na siku yake ya kwanza alibadilisha utaratibu. Alisema kabla hatujagusa kiungo chochote tutamuuliza mgonjwa namba yake, na namba hiyo ndiyo itakayoandikwa juu kabisa. Hakuna kuibishia wala kuirekebisha. Bwana Wafula alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao magharibi, nikampigia simu kumweleza. Akasema alichelewa kuzaliwa huyo.

Mama Kamau alikuwa mgonjwa wetu tangu kabla ya Chepkemoi. Alitoka Dundori, mjane, na maisha yake yalikuwa ng'ombe wa maziwa watatu na shamba la viazi. Alipoletwa mara ya kwanza mikono yake ilikuwa imevimba hata hakuweza kufungua chupa ya maji. Ng'ombe alikuwa akiwakamua kwa mkono, alfajiri, kabla lori la maziwa halijapita barabarani, na saa hiyo ndiyo mikono ya mgonjwa wa baridi yabisi huwa migumu zaidi. Mnaofanya kazi hii mnajua: viungo hukakamaa usiku, vikalegea jua likishapanda. Ugonjwa na lori la maziwa walikuwa wamepanga saa ile ile.

Tulimwanzishia ile dawa ya mara moja kwa wiki. Mkisahau mengine yote niliyoandika, msisahau kumkumbusha mgonjwa neno hilo, mara moja kwa wiki, mpaka akuchoke, maana akiimeza kila siku inaweza kumuua. Mama Kamau aliitumia vizuri. Polepole uvimbe ukapungua, akaanza kuja amevaa saa ya mkononi, akatuletea viazi.

Aliyemleta kila mara ni mwanawe Kamau, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Alikuwa mtoto mwema. Alimfungulia mamake mlango wa pikapu, alibeba mfuko wake, alikumbuka tarehe za kupimwa damu. Na aliingia naye ndani. Kwetu mgonjwa haingii kwa daktari peke yake; kumwacha aingie peke yake ni kumtupa. Anaingia na mume, na binti, na jirani mwenye kujua Kiingereza, na mara nyingi ndio wanaojibu. Sisi tuliwawekea kiti cha pili na hatukuwahi kulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Namba za Mama Kamau zilishuka. Tano, tatu, moja. Kisha sifuri, na mara iliyofuata sifuri, na iliyofuata tena. Chepkemoi alipouliza, Mama Kamau alikuwa akijibu upesi, kabla swali halijaisha.

"Niko tu sawa, daktari. Andika sifuri. Tunashukuru Mungu."

Nilipombonyeza, vifundo viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na unene kidogo, lakini uso wake ulikuwa mtulivu. Damu ilikuwa karibu safi. Chepkemoi alitazama vile vifundo muda mrefu, naye pia aliuona ule unene. Akaniambia huenda ni kovu la zamani, na kwamba mwenye mikono amesema sifuri, nasi tulikubaliana kutombishia. Nilikuwa na maoni yale yale. Dawa ile si ya mchezo, ini na damu hupimwa kila mara kwa sababu yake, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake umelala ana haki ya kupunguziwa. Basi akamwambia Mama Kamau kwamba tutaanza kupunguza dawa kidogo kidogo. Kamau aliyekaa kando alitabasamu na kumpiga mamake begani.

Wakati huo huo askari wa lango akaingiza kichwa akauliza mwenye pikapu nyeupe, maana ilikuwa imezuia ambulensi. Kamau akatoka mbio. Mlango ukafungwa.

Mama Kamau aliutazama mlango ule, kisha akamtazama daktari.

"Hiyo dawa mnapunguza kweli?"

Chepkemoi alimweleza kwa furaha. Alimwambia hili ndilo tulilokuwa tukilitafuta siku zote, kwamba viungo ni vizuri na yeye mwenyewe amesema hana shida.

"Kamau atachukua muda?"

Nikamwambia uwanja umejaa magari, atahangaika kidogo.

"Basi msipunguze," alisema. "Hiyo sifuri si ya mikono. Ni ya ng'ombe."

Akatueleza, harakaharaka, macho yakirudi mlangoni. Kamau alikuwa amemwapia kwamba siku mikono itakaposumbua tena, atauza ng'ombe wote na kumhamishia kwake mjini, kwenye chumba alichokwisha kumtengenezea, chenye bafu yake na televisheni. Kwa hiyo mbele ya Kamau mikono haikuweza kuuma. Kila alipoulizwa namba hapa kliniki, alikuwa akimjibu mwanawe, si sisi.

Chepkemoi aliweka kalamu chini. Akamuuliza, polepole, namba ya kweli ni ipi.

"Asubuhi ni sita. Kukiwa na baridi kali, saba. Sasa hivi ni mbili."

Na ile mbili aliifanyia kazi. Siku ya kliniki na siku iliyotangulia, jirani yake Mama Wanja alimkamulia ng'ombe ili mikono ipumzike. Alfajiri aliiloweka kwenye beseni la maji moto, akameza vidonge vya maumivu vya kununua dukani, akajipaka mafuta, akavaa sweta ya kanisa. Nilimuuliza kwa nini, kama alijua anakuja kuonyesha ugonjwa. Alinishangaa.

"Sista, mtu huwezi kwenda kwa daktari ukiwa ovyo."

Mimi mwenyewe nikienda kwa daktari wa meno hupiga mswaki mara mbili. Nilikaa pale nikiwaza ni wangapi waliopita mbele yetu wakiwa wameoga, wamepumzika, wamemeza vidonge, wakafika saa nne jua likiwa juu, wakakaa karibu na mtu wao, nasi tukawauliza wanajisikiaje sasa na tukaandika jibu kwa heshima zote.

Chepkemoi hakukasirika, nami nilimpenda kwa hilo. Alikuwa ameilinda namba ya mgonjwa kuliko daktari yeyote niliyefanya naye kazi, na sasa namba ile ile ilikuwa karibu imnyang'anye mgonjwa mikono yake, maana ugonjwa usiolala ukipunguziwa dawa hula mfupa. Alimwambia Mama Kamau kwamba dawa haitapungua, badala yake itaongezwa, na kwamba hatutamwambia Kamau neno lolote asilotaka liambiwe. Lakini sote watatu tulijua Kamau ndiye anayekwenda dirishani kuchukua dawa, na anazisoma. Angeuliza kwa nini mtu wa sifuri anaongezewa.

"Ataona tu," Mama Kamau alisema.

Kamau akarudi akimlaumu askari. Chepkemoi akamwambia kwamba tumebadili mawazo, dawa itaongezwa kidogo.

"Si mmesema ako sawa?" aliuliza. "Sasa za kuongezwa ni za nini?"

Halikuwa letu la kusema. Chepkemoi alitazama karatasi, mimi nikashika kile kitambaa cha presha nikajifanya nakikunja. Mama Kamau alikuwa ameilaza mikono yote miwili mapajani, na nikaona anapumua kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo.

"Mimi si sifuri, Kamau. Asubuhi mimi ni sita."

"Na miezi yote hii umekuwa ukiniambia nini, Mum?"

"Uliniuliza kama naumwa. Hukuniuliza kama nataka kukaa Nakuru."

Kamau alikaa. Akaanza kuzungumza na mimi, si na mamake, nadhani kwa sababu hakuweza kumtazama. Alisema Jumamosi moja ya baridi alipanda Dundori bila kupiga simu, akamkuta mamake amekaa chini kwenye matope ya zizi, ndoo imepinduka, maziwa yamemwagika, ng'ombe amesimama juu yake. Alikuwa ameteleza tangu alfajiri, akashindwa kujiinua kwa sababu mikono haikukubali kubeba uzito wake. Alikuwa akimwita Mama Wanja, na sauti ilikuwa imeshakauka. Alipomwona Kamau alimwambia aliketi tu kupumzika. Tangu siku hiyo, alisema, simu ikilia asubuhi anaogopa kuishika.

"Kumbe ni kuogopa," Mama Kamau alisema.

"Naogopa sana, Mum."

Mama Kamau alimgeukia mwanawe. Halafu akamwambia, kwa upole, kwamba akihamia kwake atakuwa anaamka, anakaa, anangoja chakula. "Hapo sasa ndio nitakuwa mgonjwa," alisema. "Saa hii mimi ni mtu wa ng'ombe, na mikono inauma."

Nimekaa katika vyumba vingi vya hospitali, na sidhani nimewahi kusikia mtu akieleza afya yake vizuri kuliko hivyo. Sisi tulikuwa tukipima jinsi anavyoumwa. Yeye alikuwa akipima kitu kingine kabisa, kama bado ni yule yule.

Hawakumaliza yote siku ile, na msidhani walitoka wamekumbatiana. Kamau alinuna mpaka dirisha la dawa. Lakini wiki zilizofuata walipatana, kwa njia ya watu wawili ambao kila mmoja amekosa nusu ya alichotaka. Ng'ombe mmoja, yule mkorofi, aliuzwa. Wawili wakabaki. Mama Wanja akachukua zamu ya alfajiri kwa malipo ya maziwa, na Mama Kamau akabaki na ya jioni, wakati mikono imelegea. Hakuupenda mpango huo hata kidogo. Kila alipokuja alilalamika kwamba Karembo, ng'ombe wake mkubwa, anambania Mama Wanja maziwa, na kwamba anaamka saa ile ile kwa mazoea na kulala akisikiliza mtu mwingine akifanya kazi yake.

Baada ya hapo tukabadilisha utaratibu, na wengi wenu mliukuta umeshabadilika mkadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Mgonjwa huingia kwanza peke yake, anayemsindikiza akafuata. Ilituletea maneno. Mwenye hoteli mmoja wa Salgaa alikataa katakata, akasema mkewe hana siri na yeye, huku mkewe akitazama sakafu. Tulimpa kiti nje na chai, akanywa akiwa na hasira, na mkewe akakaa nasi zaidi ya mgonjwa yeyote siku hiyo. Hatukumuuliza tena mtu anajisikiaje sasa hivi. Tulimuuliza aliamka vipi, alikuwa akifanya nini jogoo akiwika, ni nani aliyemfungia vifungo, alimeza nini kabla ya kutoka. Na tulimuuliza, Chepkemoi alilipenda hili, ni kitu gani ambacho ugonjwa umemnyang'anya na angetaka arudishiwe. Mtu mmoja alisema ni kupanga foleni bila kutafuta ukuta wa kuegemea. Mwingine alisema ni kumchapa mumewe kofi la mzaha.

Sisemi kwamba sasa tunajua ukweli wote. Wako wanaojificha hata wakiwa peke yao, na wako wanaojidanganya wenyewe, na kliniki ina watu wengi na saa chache. Nawaomba tu msiharakishe pale. Kumbonyeza mtu vidole vyote huchukua dakika chache. Kumsubiri aseme huchukua zaidi, na kwenye korido wataanza kugonga mlango. Waacheni wagonge.

Dawa ilipoongezwa ilichukua muda kufanya kazi, kama kawaida yake. Baridi ikapita, viazi vikavunwa, mvua ikarudi. Namba za Mama Kamau zilikuwa zikishuka kwa mwendo wa kweli, yaani kwa kusitasita: tano, nne, tano tena, tatu. Aliitoa kila namba baada ya kufikiri, na mara nyingine alibishana nayo. Vile vifundo viwili vikapungua. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimeshapinda katika ile miezi ya sifuri, na hakikunyooka tena. Hakitanyooka. Alijua hivyo na hakutulaumu, wala hakumlaumu Kamau.

Siku moja ya kliniki, karibu na mwisho wa muda wangu, aliingia akiwa na tope kwenye upindo wa sketi. Sikuwahi kumwona na tope. Kamau alikuwa amemleta na kubaki nje kwenye benchi, kama alivyokwisha kuzoea. Chepkemoi akamuuliza lile swali letu, leo asubuhi aliamka vipi.

Mama Kamau alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akaanza kueleza kwamba ndama alikata kamba alfajiri akaingia kwenye viazi. Alitoka akamfukuza gizani, akamshika, akamfunga, na kwa kuwa Mama Wanja alikuwa hajafika na lori lilikuwa karibu, aliketi akamkamua Karembo, kisha yule mwingine. Alibeba ndoo mwenyewe mpaka barabarani. Aligombana na dereva kidogo. Aliporudi, Kamau alikuwa ameshafika, wakaondoka vivyo hivyo, bila beseni la maji moto, bila vidonge, bila sweta ya kanisa.

"Na mikono?" Chepkemoi aliuliza.

Mama Kamau aliiinua kutoka mapajani akaiweka juu ya meza, akaitazama kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

"Sikuiangalia," alisema. "Daktari, sikuiangalia hata mara moja. Ni sasa hivi umeniuliza."

Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, na sioni haya kuyaandika. Nilimbonyeza vifundo vyote, kimoja kimoja, nikimtazama usoni. Chepkemoi akamsubiri mpaka alipopangusa macho, kisha akamuuliza namba.

Mama Kamau aligeuka akautazama mlango.

"Kamau yuko nje?"

"Yuko nje," nikamwambia. "Mlango umefungwa."

"Basi andika sifuri."